NYUMBA JUU YA MAGURUDUMU MANNE
Safari ya Bwana Steinbeck na mbwa wake kuizunguka Marekani, mwaka 1960

Yeyote aliyepata kupanda gari la mizigo katika nchi yetu anajua maana ya safari. Toka Bukavu kuteremka Uvira, ama toka Bunia kwenda Kisangani, watu hukaa juu ya magunia ya muhogo na mapipa ya mafuta; mama amemfunga mtoto kwa kitenge, baba ameshika kamba, na wote hutazama mawingu kwa hofu ya mvua. Usiku ukiwakuta njiani, hulala chini ya gari, hupika kwa mafiga matatu na sufuria moja. Asubuhi dereva hupiga honi, nao hupanda tena. Basi hatuna haja ya kufundishwa kwamba gari laweza kuwa nyumba.

Leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyejifanyia nyumba ya namna hiyo si kwa shida, bali kwa kupenda. Alikuwa mtu mwenye jina kubwa, tena mwenye nyumba nzuri kando ya bahari. Hata hivyo aliiacha, akaizunguka nchi yake kubwa kwa muda wa majuma kumi na moja hivi. Tuliposoma habari zake tulicheka mara nyingi, pengine tulisikitika, na mwishoni tuliona neno moja lituhusulo sisi wenyewe, baba na mama wa Kiafrika. Neno hilo tutalifikia kwa zamu yake.

Mwandishi aliyesahau sura ya nchi yake

John Steinbeck alizaliwa tarehe 27 Februari 1902 katika mji mdogo wa Salinas, jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani. Tangu ujana wake aliandika habari za watu wadogo: wavuvi, vibarua, wachuma matunda. Kitabu chake kilichosifiwa kuliko vyote, The Grapes of Wrath, kilitoka mwaka 1939. Humo alieleza habari za wakulima maskini wa Oklahoma waliofukuzwa mashambani mwao na ukame pamoja na madeni, wakapakia vyombo vyao vyote juu ya gari moja kuukuu, wakaenda California kutafuta kazi. Hiyo nayo ni safari ya gari, tena safari ya jamaa nzima, pamoja na mababu na watoto.

Mwaka 1960 Bwana Steinbeck alikuwa na umri wa miaka 58. Alikaa Sag Harbor, bandari ndogo katika kisiwa cha Long Island, si mbali sana na New York. Mwishoni mwa mwaka 1959 alikuwa ameugua ghafula, na rafiki zake walimshauri apumzike, aache kazi nzito. Lakini maneno hayo hayakumpendeza. Aliona wazee wengi wa rika lake wakijifunika mablanketi na kupunguza kila kitu, hata wakawa kama watoto wachanga mikononi mwa wake zao. Yeye hakutaka kuwa hivyo.

Tena kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua moyoni. Kwa muda wa miaka kama ishirini na mitano alikuwa akiandika habari za nchi yake kwa kukumbuka tu. Alikaa New York, akasafiri Ulaya, lakini harufu ya majani ya mashambani, namna watu wasemavyo, rangi ya vilima, hayo yote hakuwa ameyaona tena kwa macho yake. Alijiambia ya kuwa mwandishi asiyeiona nchi yake ni mwongo hata kama hataki kudanganya. Basi akaazimu kwenda kutazama.

Farasi wa chuma

Je, angesafiri namna gani? Angelala katika mahoteli, watu wangemtambua, wangemfanyia heshima, naye asingesikia neno la kweli. Kwa hiyo aliagiza gari la mizigo, jipya, lenye nguvu, na juu ya sehemu ya nyuma kikawekwa kijumba kidogo kama kile cha mashua. Mafundi wa kijumba hicho walikuwa wa jimbo la Michigan. Ndani mlikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko la gesi lenye mafiga manne, kifaa cha kupasha joto, sanduku la barafu, choo, kabati, na madirisha yenye wavu wa kuzuia mbu. Alilipa gari hilo jina la Rocinante, ndilo jina la farasi wa Don Quixote, yule bwana wa hadithi ya Kispania aliyetoka nyumbani mzee, akiwa na mkuki, kwenda kupigana na vinu vya upepo. Kwa kuchagua jina hilo alijicheka mwenyewe kabla ya watu kumcheka.

Mama wa nyumba watapenda kusikia namna alivyofua nguo zake. Alinunua ndoo ya plastiki yenye kifuniko, akaifunga kwa kamba ya mpira ndani ya kabati. Asubuhi alitia humo maji ya moto, sabuni na mashati. Gari likienda mchana kutwa, ndoo iliruka na kuyumba, na nguo zilisuguana zenyewe. Jioni alizisuuza katika maji ya mto, akazianika dirishani. Katika barabara zetu zenye mashimo, twadhani nguo zingekuwa safi kabla ya saa sita!

Lakini hakuwa na akili katika kila jambo. Alipakia vitabu vingi vya kusoma, karatasi na taipureta, vyombo vya ufundi, bunduki za kuwindia, chakula cha akiba na vinywaji. Baadaye alikiri kwamba alichukua vitu vingi mno, hata gari lililemewa. Kosa hilo twalijua sote. Mizigo ya mwanzo wa safari hupakiwa na hofu. Akili huja nyuma, njiani, pale mtu anapoipandisha milima.

Bibi yake, jina lake Elaine, aliogopa kumwacha mgonjwa wa jana aende peke yake. Ndipo Bwana Steinbeck alipoomba ruhusa amchukue mbwa wao, na bibi akafurahi. Mbwa huyo aliitwa Charley. Alikuwa mkubwa, mwenye manyoya ya kujikunja, wa jamii ile Wafaransa waiitayo caniche. Alizaliwa Bercy, kando ya Paris, na bwana wake alisema kwa mzaha kwamba ukimwamuru kwa Kiingereza hukawia kwanza, maana lazima atafsiri moyoni mwake.

Tufani, kisha njia

Kabla ya kuondoka, tarehe 12 Septemba 1960, tufani kubwa iitwayo Donna iliipiga pwani ya Long Island. Bwana Steinbeck alikuwa na mashua yake bandarini. Alipoona mashua nyingine zikiigonga na kuisukuma, alikimbilia ndani yake katikati ya upepo, akaikata kamba, akaipeleka kwenye maji mapana, akatia nanga. Kisha akajitupa baharini kwa nguo zake, akashika tawi lililokuwa likielea, akafika pwani. Bibi yake alikuwa akitazama. Tufikiri mwenyewe kama baada ya siku hiyo mama huyo aliweza tena kumwambia mumewe akae kitandani!

Tarehe 23 Septemba aliondoka. Kwanza alikwenda kaskazini, hata jimbo la Maine lililo mpakani mwa Kanada. Huko wakati wa mavuno ya viazi ulikuwa umefika, na jamaa nzima za Wakanada wasemao Kifaransa zilikuwa zimevuka mpaka kuja kuchimba kwa mshahara: baba, mama, watoto, bibi na babu, kila jamaa katika hema yake. Bwana Steinbeck aliegesha gari karibu nao. Hakwenda kujijulisha mwenyewe, alimwachilia Charley. Mbwa akaenda kwa wageni, wageni wakamshika kichwa, na mwenyewe akaja nyuma kuomba radhi. Jioni aliwaalika wote ndani ya Rocinante, wakabanana humo kama dagaa, wakanywa kidogo, wakazungumza kwa Kifaransa. Alisema ya kwamba jioni hiyo ilikuwa njema. Nasi twasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni na mwenyeji wote walikuwa wageni.

Toka Maine aligeuka magharibi. Huko Niagara, penye maporomoko makubwa ya maji, alitaka kupita upande wa Kanada ili afupishe njia. Maofisa wa Kanada walimpokea kwa adabu, lakini wakamwuliza kama mbwa ana karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuwa nayo. Wakamwambia kwamba wao wangemruhusu, ila wenzao wa Marekani wasingemrudisha mbwa. Basi akageuza gari. Upande wa Marekani akaulizwa maswali chungu nzima kana kwamba ametoka nchi ya mbali, naye kumbe hakuingia popote! Wasomaji wetu wakaao karibu na mipaka hawatastaajabu. Karatasi ndogo yaweza kuwa na nguvu kuliko gari kubwa.

Barabara zisizoonyesha kitu

Yafaa tueleze habari za barabara zenyewe. Mwaka 1919 kikosi cha magari ya jeshi la Marekani kiliondoka Washington tarehe 7 Julai, kikafika San Francisco tarehe 6 Septemba: siku 62 nzima. Madaraja ya mbao yalivunjika chini ya magari, mengine yakazama katika tope na mchanga, askari wakayavuta kwa kamba. Mmoja wa maofisa vijana katika safari hiyo aliitwa Dwight Eisenhower. Hakuyasahau matope yale. Alipokuwa Rais, tarehe 29 Juni 1956, alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu zenye urefu wa maili 41,000, ndizo kilometa 66,000 hivi.

Bwana Steinbeck aliziona baadhi ya barabara hizo zikiwa mpya. Zilikuwa pana, nyofu, na magari makubwa yalimpita kwa kishindo. Lakini hazikumpendeza. Aliona kwamba siku moja mtu ataweza kuivuka nchi yote, toka bahari hata bahari, bila kuona mtu wala shamba. Kwa hiyo mara nyingi alishika njia ndogo. Hapo pana fumbo kwetu sisi tuliao kila mwaka kwa ubovu wa njia zetu. Twaomba barabara njema, na haki yetu kuomba, maana mgonjwa hufa njiani na mazao huoza. Lakini tusisahau kuwauliza hali watu wakaao kando yake.

Jambo jingine lilimfikirisha sana. Kila mahali aliona nyumba zilizojengwa juu ya magurudumu, na jamaa nzima zikikaa humo, tayari kuhama pale kazi itakapohama. Aliingia katika nyumba ya jamaa moja, akala pamoja nao, akamwuliza baba kama hawasikitiki kulea watoto wasio na mahali pao pa asili. Yule baba, mtoto wa Mwitalia aliyehamia Marekani, alimjibu kwa maneno ya busara yaliyomnyamazisha: baba yake mwenyewe aliiacha nchi ya mababu kwa sababu haikumlisha, na wangapi leo wana mizizi wanayoitaka? Sisi ambao vijana wetu wameacha vijiji kwenda Lubumbashi na Kolwezi kutafuta mshahara wa migodi, tungemjibu nini mtu huyo?

Mpira uliopasuka siku ya Dominika

Alipita Chicago, akapita majimbo ya Wisconsin na Minnesota, akaipenda Montana kuliko majimbo yote. Huko Yellowstone, penye hifadhi ya wanyama, Charley mpole aliwaona dubu, akageuka simba. Alibweka na kujirusha kwenye kioo cha gari hata bwana wake akaogopa, akaondoka upesi. Hata mwenye tabia ya upole ana adui yake.

Katika jimbo la Oregon, siku ya Dominika, mvua ikinyesha, mpira wa nyuma ulipasuka. Alishuka katika matope, akalala chini ya gari, akaubadili kwa taabu nyingi. Lakini aliona ya kuwa mpira wa pili nao unakaribia kufa, kwa sababu ya uzito wa mizigo ile tuliyoitaja. Alisogea polepole hata akakuta kituo kidogo cha petroli. Mwenye kituo alikuwa mtu wa sura ya kutisha, mwenye kovu na jicho moja jeupe. Hakuwa na mipira ya ukubwa ule. Lakini alishika simu, akapiga huku na huku kwa watu waliokuwa wakipumzika majumbani mwao, na kabla ya saa nne kwisha mipira miwili mipya, yenye nguvu, ilikuwa imefungwa. Bwana Steinbeck alitamani kupiga magoti katika matope na kumshukuru. Wangapi katika sisi humtazama mtu usoni, tukamhukumu, kumbe ndiye atakayetuokoa jioni?

Kurudi mahali pa kuzaliwa

Akateremka pwani ya magharibi, akapita katikati ya miti ya sekoya, iliyo mikubwa kuliko miti yote ya dunia. Alimpeleka Charley chini ya mti mmoja akitaka kuona mbwa atasema nini. Charley hakuuona kabisa: kwa mbwa, kitu kikubwa namna ile si mti, ni sehemu ya nchi.

Kisha akafika Salinas na Monterey, kwao. Siku hizo watu wote walikuwa wakibishana habari za uchaguzi wa Rais, Kennedy na Nixon, uliofanywa tarehe 8 Novemba 1960. Yeye na dada zake waligombana kwa ajili ya siasa hata sauti zikafika nje. Alitembea mitaani, akawatafuta rafiki wa ujana wake. Wengi walikuwa wamekufa, na waliobaki walimtazama kama mzuka aliyerudi kuharibu kumbukumbu zao. Akaelewa kwamba mtu hawezi kurudi kweli mahali alipotoka, maana mahali pale pamekwenda, naye amekwenda. Kabla ya kuondoka alipanda kilele cha mlima Fremont, akamwonyesha mbwa bonde lote: hapa nilivua samaki, pale mama yangu alifanya hivi, kule baba alifanya vile. Baba wa Kiafrika aliyempeleka mwanawe wa mjini kuona makaburi ya mababu atafahamu jambo hili bila maelezo mengi.

Mtoto mdogo wa New Orleans

Sasa twafika penye habari iliyo nzito kuliko zote. Baada ya kupita jangwa la Mojave na jimbo la Texas, aligeukia kusini mashariki, mji wa New Orleans, kwa sababu alikuwa amesikia mambo yanayotendeka huko.

Katika majimbo ya kusini, tangu zamani, watoto Weusi na watoto Weupe walitengwa katika shule mbalimbali. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria kuu ya nchi. Mwaka huo huo, tarehe 8 Septemba, alizaliwa mtoto wa kike aitwaye Ruby Bridges. Alipokuwa na miaka sita tu, tarehe 14 Novemba 1960, aliingia shule ya William Frantz iliyokuwa ya watoto Weupe. Siku hiyo watoto wengine watatu, wasichana wa umri wake, waliingia shule nyingine ya mji huo. Lakini Ruby alikuwa peke yake. Maaskari wa serikali kuu walimpeleka kwa gari, wawili mbele, wawili nyuma, naye katikati na mfuko wake wa vitabu.

Baba yake, Abon, aliyepigana katika vita vya Korea, alikuwa na mashaka: aliogopa mwanawe asije akaumizwa. Mama yake, Lucille, alisema lazima aende, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto watakaofuata. Kwa sababu hiyo baba alifukuzwa kazini, na mababu yake, waliolima shamba la watu huko Mississippi, wakafukuzwa katika shamba hilo. Wazazi Weupe waliwaondoa watoto wao shuleni. Mwalimu mmoja tu, Barbara Henry, aliyetoka Boston, alikubali kumfundisha; nao wawili walikaa darasani mwaka mzima, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja.

Kila asubuhi kundi la watu, wanawake wengi kati yao, lilisimama mbele ya shule kumtukana mtoto huyo. Bwana Steinbeck aliliacha gari lake mahali pa kuegesha magari, asije akajulikana kwa namba za New York, akaenda kwa taksi, akasimama katika umati. Aliona wanawake wenye watoto wao wenyewe nyumbani, wakipaza sauti na kusema maneno machafu ambayo magazeti hayakuthubutu kuyachapa, huku watu wengine wakiwapigia makofi kama kwenye michezo. Aliona pia mtu Mweupe akipita akimshika mkono binti yake mdogo, kwa kuwa hakukubali kumwondoa shuleni. Huyo naye alitukanwa vikali. Moyo wa Steinbeck uliugua. Aliuliza: wako wapi watu wema wa mji huu? Maana alijua kwamba wapo. Walikuwa nyumbani, milango imefungwa.

Habari ya Ruby ina neno moja jingine. Siku moja mwalimu alimwona kwa dirisha, amesimama mbele ya umati, midomo yake inacheza. Alipomwuliza alikuwa akiwaambia nini, mtoto alijibu kwamba hakuwa akisema nao. Alikuwa akiwaombea kwa Mungu.

Mwaka huo huo wa 1960, tarehe 30 Juni, nchi yetu ya Kongo ilipata uhuru wake. Wazee wetu wakumbuka furaha na machozi ya siku zile. Ni vema tujue kwamba miezi minne na nusu baadaye, ng'ambo ya bahari, mtoto Mweusi wa miaka sita alihitaji askari wanne ili afike darasani kujifunza kusoma.

Je, yote ni kweli?

Baada ya New Orleans, Bwana Steinbeck hakutaka kuona kitu tena. Alisema kwamba safari ilimwacha kabla hajafika nyumbani, karibu na mji wa Abingdon, jimbo la Virginia. Toka hapo aliendesha tu. Alipofika New York walimkataza kupita njia ya chini ya mto, kwa sababu ya gesi ya jiko lake, ikampasa kuvuka kwa kivuko. Kisha akapotea katika mitaa ya mji wake mwenyewe, akacheka. Alikuwa amekwenda maili 10,000 hivi, ndizo kilometa 16,000: kama kwenda toka Kinshasa hata Lubumbashi kwa njia ya ndege, na kurudi, mara tano.

Kitabu cha safari hiyo, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962, na mwaka huo huo alipewa zawadi ya Nobel. Alikufa tarehe 20 Desemba 1968. Watu wengi walikipenda kitabu, wengine hata walinunua magari yenye kijumba, wakafuata njia yake. Mmoja wao, mwandishi wa magazeti Bill Steigerwald, alifanya hivyo mwaka 2010, miaka hamsini kamili baadaye. Naye aligundua kwamba mambo hayakuwa kama yalivyoandikwa. Bwana Steinbeck alilala mara nyingi katika mahoteli na nyumba za rafiki kuliko garini. Watu wengine aliozungumza nao katika kitabu huenda alijitungia mwenyewe. Chapa mpya ya mwaka 2012 ina utangulizi unaomwonya msomaji asishike kila neno kama ushahidi wa mahakamani.

Tena jambo kubwa kuliko yote: mzee yule hakuwa peke yake kwa siku nyingi. Bibi Elaine alimfuata Chicago kwa ndege, na kitabu chataja hayo. Lakini alimfuata tena huko Seattle, wakateremka pamoja pwani yote ya magharibi. Katika nakala ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono na kutunzwa katika maktaba ya Morgan huko New York, Elaine yumo katika safari hiyo. Katika kitabu kilichochapwa ameondolewa. Wamebaki mwanaume na mbwa.

Sisi hatumhukumu. Yaliyotokea New Orleans yamethibitishwa na picha na mashahidi wengi, na Ruby mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, amewasimulia watoto wa shule katika miji mingi. Mtu aliyekwenda kuona jambo lile na kuliandika alifanya kazi njema. Lakini hili ndilo neno tulilowaahidi mwanzoni. Mtu aliyetoka nyumbani kwa sababu aliogopa kuwa mwongo, njiani alimwondoa mke wake katika hadithi, ili mwenyewe aonekane shujaa.

Wenzetu wanaume, je, sisi hatufanyi hivyo? Twaketi jioni chini ya mti, twasimulia: nilijenga nyumba hii, niliwasomesha watoto hawa, nilivuka vita nikafika na jamaa yangu salama. Nilifanya, nilifanya. Na mama aliyefunga mizigo usiku, aliyembeba mtoto mgongoni siku tatu, aliyeuza mandazi ili ada ya shule ipatikane, yuko hapo hapo, anapakua chakula, anasikiliza. Hasemi neno. Jina lake limeondolewa katika kitabu.

Gari Rocinante halikuharibika. Leo limewekwa katika nyumba ya makumbusho huko Salinas, na wageni hulitazama: kitanda, jiko, kabati dogo. Twawaalika wasomaji wetu watakaosoma habari hii jioni hii kwa sauti, nyumbani mwao, wafanye jambo moja rahisi. Baba na asimulie watoto safari moja ya jamaa yao, toka mwanzo hata mwisho. Kisha anyamaze, na mama aisimulie tena.